Kidaka cha Tatu

Lamu haina reli. Punda wanajua, nami najua,
mimi niliyekula chumvi ya reli miaka thelathini na mmoja,
Makupa mpaka Voi, Voi mpaka Mtito, usiku kwa usiku,
nikaja kustaafu kwenye vichochoro
ambamo mzigo ukizidi magunia mawili
punda hulaza masikio.

Basi nimejitandikia yangu uani:
duara moja la shaba, na mkia kuelekea jikoni.
Kichwa kizito kama bata mzinga,
mabehewa sita, kila moja paka anaenea kulala,
na hulala.

Ilikuja na kikasha chake cha umeme,
kipande cha sabuni, si zaidi:
volti kumi na nane, ampea moja.
Ampea moja! Posho ya mtoto wa chuoni.
Treni ilitoka kwa madaha, ikapita jiko,
ikafika kona ya birika, penye kimwinuko,
taa zikafifia, ikakohoa, ikasimama
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Kikasha kikachemka, kikajikata, kikapoa,
kikajaribu tena. Nilikionea haya.

Lali Famau, fundi wa stima, akaniletea betri ya boti.
"Hii," akasema, "itavuta Msikiti wa Ijumaa."
Hakuleta fyuzi.
Behewa moja likaacha njia, gurudumu likalala juu ya reli zote mbili,
na waya ukawa mwekundu, ukawa mweupe,
ukanuka kama nywele.
Paka hajarudi behewani mpaka leo.

Nikapanda darini na daftari.
Volti ni haraka tu: kichwa hiki chataka ishirini na mbili,
ukikipa thelathini kitaruka kona.
Ampea ndiyo riziki. Nikahesabu:
mota mbili, ampea mbili;
taa, nusu; kitoa moshi, nusu nyingine;
mlima wa birika, Mungu ndiye ajuaye.
Nikaandika tano. Nikaifuta. Nikaandika kumi.

"Kumi?" akasema mjukuu wangu Somoe. "Si itaungua, babu?"
Ampea haisukumwi, mwanangu, huchotwa.
Kisima kipana hakimlazimishi mtu kunywa.
Kinachoua ni kisima kisicho ukingo,
na ukingo wenyewe ndio ile fyuzi ya shilingi thelathini
aliyoiona Lali ghali.

Mwanakombo alikuwa na swali moja: kitauma?
Yeye hutembea pekupeku, na maji ya birika humwagika.
Nikamwambia, ule umeme mkali utabaki ndani, ukutani;
utakaotoka nje ni volti ishirini na nne,
hauamshi hata sisimizi.
"Ukutani wapi?"

Hapo sasa.

Kikasha kipya kinataka pakavu, mbali na maji,
karibu na soketi, hewa ipite kushoto na kulia.
Nyumba nzima ina mahali pamoja pa namna hiyo:
kidaka cha tatu, safu ya chini,
lilipokaa bakuli la mama yake,
samaki wa buluu, ufa ulioshonwa kwa waya
kabla sisi hatujazaliwa.
Ijumaa mbili zilipita, sikupewa jibu,
nikapewa chai bila tangawizi.

Leo asubuhi nimekuta kidaka kitupu, kimefutwa vumbi.
Bakuli liko juu ya behewa la wazi, limejaa tende.
Yeye kajikalia upande wa pili wa birika.
"Kama ni nguvu," akasema, "ziniletee hapa."

Nikazungusha kifundo, polepole, kama zamani nikitoka stesheni.
Jiko. Mkia. Kona.
Kwenye mwinuko bakuli lililia kidogo, ting, pale penye ufa,
taa hazikufifia.
Nyuma yangu ubavu wa kikasha ulikuwa na joto la shavu.

Akachukua tende moja. Hakusema neno.
Akalisogeza bakuli katikati ya behewa,
likae sawa.